Fundi Abadilishe, Lakini Aseme

Wahenga walinena kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukitaka kuuona ukweli wa maneno hayo, tazama yaliyowapata Wamarekani walionunua motokaa ya Chevrolet Corvette Sting Ray ya mwaka 1963.

Motokaa hiyo ya milango miwili ilitoka kiwandani na kioo cha nyuma kilichogawanywa pande mbili kwa uti ulioanzia paani ukashuka hadi mkiani. Bill Mitchell, mkuu wa wachoraji wa General Motors, aliupenda mno uti ule. Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyeilea Corvette, hakuupenda hata kidogo, kwani dereva akitaka kutazama yaliyo nyuma yake, alilouona kwanza ni uti. Haukupita ila mwaka mmoja, na gari la 1964 likatoka na kioo kimoja kizima. Basi baadhi ya wenye magari ya 1963, kwa kuchelea kuonekana wamepitwa na wakati, wakayapeleka kwa mafundi. Uti ukakatwa, kioo cha 1964 kikatiwa.

Leo kile walichokikata ndicho kitafutwacho. Magari ya paa la namna ile yalitengenezwa 10,594 tu, tena kwa mwaka mmoja, na aliye nalo lililo zima ana mali kubwa mkononi. Miongoni mwa yale yaliyokatwa, mengine yamerudishwa kwa fundi ili uti upachikwe tena.

Kisa hicho hupenda kutajwa na wale wasemao kwamba gari la kale lisiguswe, libaki vile vile lilivyotoka kiwandani hadi kwenye parafujo ya mwisho. Wapinzani wao ni wale waonao kwamba gari ni la kuendeshwa, na mwenye mali ana hiari na mali yake. Mabishano ya makundi haya mawili yamedumu miaka mingi huko Marekani. Kwa maoni yangu, wote wawili wagombana kando ya kisima. Kubadili si kosa, na kutobadili si utakatifu. Kosa lipo mahali pengine, na tutafika huko.

Yafaa kwanza msomaji ajue ni magari gani haya. Mwaka 1957 makampuni ya magari ya Marekani yalikubaliana, kupitia chama chao, kujitenga na mashindano ya mbio. Ahadi ilikuwa ya mdomoni. Viwandani injini zilizidi kukua. Mwaka 1961 Chevrolet waliitia katika Impala injini ya inchi za ujazo 409, yaani kama lita 6.7. Mwaka uliofuata, ikiwa na kabureta mbili, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 409, farasi mmoja kwa kila inchi. Vijana wa The Beach Boys wakaiimba mwaka huo huo wa 1962. Ford walijibu kwa injini ya 406, kisha 427. Chrysler nao walikuwa na 413 yao.

Mwezi wa Januari 1963 wakubwa wa General Motors wakatoa amri: matawi yao yote yaachane na mashindano. Amri hiyo iliwachoma sana watu wa Pontiac, waliokuwa wamejijengea jina viwanjani. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi wao mkuu, pamoja na wenzake Bill Collins na Russell Gee, wakatafuta njia. Walitwaa injini ya 389 ya gari kubwa, wakaitia katika gari dogo la Tempest. Sheria ya kampuni ilikataza gari la kimo hicho kutiwa injini ipitayo inchi 330. Wao hawakuliita gari jipya. Waliiandika injini ile katika orodha kama nyongeza, ambayo mnunuzi aliyeitaka aliilipia chini ya dola 300. Ndiyo GTO ya mwaka 1964, na jina lenyewe lilichukuliwa kwa Ferrari. Mwaka wake wa kwanza ziliuzwa 32,450.

Hapo pana funzo. Gari ambalo leo lalindwa kama kito, lisiguswe hata waya, lenyewe lilizaliwa kwa kubadilishwa. Wala mabadiliko hayakuishia kiwandani. Katika mji wa Royal Oak, jimbo la Michigan, palikuwa na wauzaji waitwao Royal Pontiac, ambao mafundi wao walilipokea gari jipya na kulifungua papo hapo. Walitia gasketi nyembamba zaidi chini ya silinda hedi ili mbano wa injini uongezeke, wakabadili jeti za kabureta, wakarekebisha distributa ili moto uwahi. Kijana alilichukua gari lake akaelekea Woodward Avenue, ile barabara ndefu itokayo Detroit, akapimane nguvu na wenziwe usiku. Kwa hiyo asemaye kwamba kuyagusa magari haya ni kuyaharibia asili, hakuijua asili yenyewe.

Sasa tuje kwenye kosa. Gazeti la Car and Driver la Machi 1964 liliipambanisha GTO ya Pontiac na GTO ya Ferrari. Ferrari haikuwapo, pambano lilikuwa la kwenye karatasi. Pontiac iliyojaribiwa ilikwenda kwa kasi iliyowaacha wasomaji vinywa wazi, na sifa za gari zikavuma nchi nzima. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyeipigia debe Pontiac, alikiri kwamba gari lile halikuwa na injini ya 389 ambayo mnunuzi angeipata. Lilitiwa injini kubwa zaidi, ya 421. Injini hizo mbili kwa nje hufanana kama mapacha, na aliyefungua boneti asingeshuku kitu.

Fikiri, ewe msomaji. Kuitia 421 katika gari lile kulikuwa kazi safi ya ufundi, na wako Wamarekani wengi waliofanya hivyo kwa magari yao bila lawama. Kilichoitia kazi ile doa ni kunyamaza.

Na kunyamaza huko ndiko kunakowaliza watu hadi leo. GTO ya 1964 ilikuwa Tempest iliyoongezwa vitu, na nambari yake ya chesi haisemi kwamba ni GTO. Ilikuwa hadi 1966 ndipo GTO ilipopewa nambari zake yenyewe. Vivyo hivyo kwa Impala: nambari yake ya miaka ile hukuambia injini ilikuwa ya silinda sita au nane, lakini haikuambii kama hizo nane ni za 409 au za injini ya kawaida. Basi mtu mwenye gari la kawaida, akipata injini, vibandiko na nembo, aweza kulivika joho lisilokuwa lake. Hata alama iliyogongwa kwenye bloku yaweza kusuguliwa na kugongwa nyingine. Kwa Pontiac, kiwanda ambacho jina lake lilikoma mwaka 2010, kumbukumbu za zamani zilihifadhiwa, na mnunuzi mwenye hadhari huagiza nakala ya karatasi za gari kabla hajatoa hata senti.

Wenye insafu wapo, tena wengi. Huyatengeneza magari ya namna hiyo, wakayasimamisha maonyeshoni na kusema waziwazi: hili si lile la asili, nimelifananisha kwa mapenzi yangu. Gari kama hilo huuzwa kwa bei yake ya haki, na muuzaji na mnunuzi wakapeana mikono kila mmoja akiwa radhi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Yako pia mabadiliko ambayo kuyakataa ni kuchezea roho. GTO ile yenye nguvu za farasi 325 ilisimamishwa kwa breki za drami magurudumu yote manne, nazo zikipata moto hulegea. Masta silinda yake ilikuwa na chumba kimoja. Mafuta yakivuja, breki zote zaenda kwa pamoja. Ndiyo maana wenye kuyaendesha hutia breki za diski mbele na masta silinda ya vyumba viwili, pamoja na tairi za kisasa. Tena injini zile zilizoea petroli yenye risasi, iliyopigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani tangu 1 Januari 1996. Kwa hiyo fundi akiifungua injini hutia viti vya vali vilivyo vigumu zaidi, visiliwe upesi.

Mafundi wenye busara wana desturi ya kupendeza. Kila kilichotolewa hufutwa, hufungwa karatasi, huandikwa jina na kuwekwa sandukuni. Hawatoboi bodi pasipo lazima. Gari likiuzwa, sanduku huandamana nalo, pamoja na daftari la yote yaliyofanywa. Atakaye kulirudisha lilivyokuwa ana njia. Atakaye kuliendesha hivyo hivyo ana amani. Wale wa Corvette wangaliuweka ule uti, wasingehangaika kutafuta mwingine.

Basi gari la kale lataka mwenyewe awe mkweli kuliko awe tajiri. Akilihifadhi, ni vyema. Akilibadili, ni haki yake. Lakini siku ya kuliuza, na ifunguliwe boneti, na lifunguliwe daftari, na mnunuzi aambiwe kilichomo na kisichokuwamo. Rangi huchubuka, nembo hung'oka, na njia ya mwongo ni fupi hata akiwa na injini ya 421.