Ramani ya Mbio za Dira: Kutoka Data ya Vekta Hadi Miamba ya Menengai

Orientiringi ni mbio za kusaka vituo porini kwa ramani na dira, na mkimbiaji hujichagulia njia mwenyewe. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, lililoundwa mwaka 1961, ramani ya msituni huchorwa kwa skeli ya 1:15,000, na kontua zake, yaani mistari ya kimo, huachana mita 5 za kimo. Ramani za kawaida za serikali ya Kenya katika Bonde la Ufa ni za 1:50,000, na kontua zake huachana mita 20. Korongo la kumvunja mtu mguu laweza lisionekane humo kabisa.

Kwa hiyo mchoraji huanza na data ya vekta: nukta, mistari na poligoni, kila kimoja kikiwa na viwianishi na maelezo yake. Barabara, reli na mito ya Nakuru, katika bonde hilo, hupatikana bure kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mradi chanzo kitajwe. Programu ya OpenOrienteering Mapper, ambayo pia ni ya bure, huipokea data hiyo, kisha kila aina ya kitu hupewa alama yake. Kahawia ni sura ya ardhi, bluu maji, nyeusi miamba na majengo, njano uwanda wazi. Msitu unaopitika kwa mbio huachwa mweupe. Kijani ni kichaka kinachomkwamisha mkimbiaji.

Ugumu wa Nakuru uko kwenye viwianishi. Longitudo ya 36 Mashariki hupita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, na ndiyo mpaka wa kanda za 36 na 37 za mfumo wa viwianishi wa UTM. Akikosea kanda, mchoraji huitupa kasoko ya Menengai, iliyo karibu na mji huo, zaidi ya kilomita 600 kutoka mahali pake, na kosa hilo hujidhihirisha papo hapo. La hatari ni lile dogo. Ramani za zamani zilipimwa kwa datumu (msingi wa vipimo) ya Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na tofauti ni kama mita 300. Hizo ni sentimita 2 kwenye ramani ya mbio: umbo la njia ni sahihi, lakini kituo kiko ng'ambo ya korongo.

Kontua nazo huweza kutolewa kwenye vimo vilivyopimwa kutoka angani mwaka 2000, kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Kuta za Menengai, yenye kina cha karibu mita 485, huonekana vizuri. Matuta na mashimo ya lava iliyoganda ndani yake hupotea, na hayo ndiyo mkimbiaji anayoyahitaji zaidi. Hayapatikani ila kwa kutembea na kuchora papo hapo. Ziwa Nakuru pia limepanuka mno tangu takribani mwaka 2010, hivyo poligoni ya zamani huonyesha nchi kavu palipo maji.

Shule au kikosi cha skauti kinachoanza kichore kwanza uwanja wake, kwa skeli ya 1:4,000. Menengai ingoje mchoraji aliyeikanyaga.