Kindu: Kula kwa kujificha, ugonjwa usioonekana kwa kipimo cha damu

Mjini Kindu, mgeni akimaliza sahani ya wali na sombe, mwenyeji hufurahi. Mtu akinenepa, watu husema maisha ni mazuri. Nani basi atamshuku yule anayerudi jikoni usiku, peke yake, akala haraka bila njaa mpaka tumbo linauma, akashindwa kuacha, kisha akaona haya?

Huo si ulafi. Ni ugonjwa, na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, limeutaja katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Wembamba pia huupata.

Muganga huutambua kwa kuuliza: unatokea kila juma, tangu miezi mitatu? Unajitapisha baadaye? Anayejitapisha ana ugonjwa mwingine. Lakini mgonjwa akitaja uzito tu, akaficha ya usiku, atarudi nyumbani na shauri la kupunguza mafuta.