Usiiweke sindano kando, kapime macho kwanza

"MWANANGU, hebu njoo unitungie uzi." Maneno haya huanza kusikika katika nyumba nyingi mama anapopita umri wa miaka 40. Sindano ni ile ile na uzi ni ule ule, lakini tundu halionekani. Mama huisogeza sindano mbali na uso, huielekeza dirishani, hulamba ncha ya uzi mara tatu, kisha humwita mtoto. Baada ya mwaka mmoja au miwili kitambaa alichokuwa akikidarizi hukunjwa na kutiwa sandukuni, na majirani huambiwa kwamba macho yamekwisha.

Msomaji mpendwa, mara nyingi macho hayo hayajaisha. Kilichotokea ni badiliko la kawaida la umri, na tiba yake ni miwani. Hata hivyo, yako magonjwa machache yanayojificha nyuma ya badiliko hilo, na haya yasipogunduliwa mapema humnyima mtu kuona kabisa. Ndiyo sababu yafaa kila apendaye kazi ya sindano ajue kutofautisha mambo haya mawili.

Kazi ya sindano kwetu

Hapa Kitengela na kote Kajiado, kazi hii ni ya aina nyingi. Wako wanaodarizi vitambaa vya kufunikia meza na viti, na wako wanaofuma kwa krosheti jioni baada ya shughuli za siku. Ukiifuata barabara ya Namanga kupitia Isinya, mji wa Kajiado na Bissil, utawakuta akina mama wa Kimaasai wameketi chini, miguu imenyooshwa mbele, wakitunga shanga ndogo moja baada ya nyingine. Kajiado ni miongoni mwa kaunti saba za wafugaji zilizowekwa katika mpango wa serikali wa Ushanga Kenya, uliokusudiwa kuwapatia akina mama hao kipato kizuri zaidi.

Kwa wengine hii ni burudani tu, na kwa wengine ni karo ya shule. Kwa wote ina faida kiafya. Hutuliza mawazo, hufanya vidole vichangamke na huwakutanisha watu wakazungumza. Mtu anayeiacha kwa sababu haoni vizuri hupoteza zaidi ya kitambaa.

Kwa nini tundu halionekani?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ndogo iliyo laini. Unapotazama mbali, kama vile Vilima vya Ngong ukiwa Kitengela, lenzi hiyo huwa bapa. Unapotazama sindano iliyo mkononi, msuli mdogo ndani ya jicho hujikaza na lenzi hutuna, na hivyo kitu kilicho karibu huonekana wazi.

Kadiri miaka inavyopita lenzi hii huwa ngumu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona ushanga uliokaribia pua yake. Mtu wa miaka 45 huhitaji kuusogeza mbali, na hatimaye hulalamika kwamba mkono wake ni mfupi. Hali hii madaktari huiita presbiopia. Si ugonjwa, na humpata kila mtu, awe mkulima, mfugaji au karani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 826 ulimwenguni hawaoni vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya kukosa miwani ifaayo.

Hapa yafaa tuondoe imani mbili. Kwanza, kudarizi au kutunga shanga hakuharibu macho ya mtu mzima. Kunaweza kuyachosha, lakini hakuwezi kuyapofusha. Pili, miwani haidhoofishi macho. Anayeona kwamba anaitegemea zaidi kila mwaka hajadhuriwa na miwani. Lenzi yake imeendelea tu kuwa ngumu, na ingekuwa hivyo hata kama asingeivaa.

Umuhimu wa miwani hii ulionekana nchini Bangladesh katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024. Watu zaidi ya 800 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65, wakiwamo mafundi wa kushona, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani ya kuonea karibu na jingine likangoja. Baada ya miezi minane, waliopewa miwani walikuwa wakipata takriban theluthi moja zaidi ya wenzao.

Shingo na kichwa pia hulalamika

Si kila mtu huja kwa daktari akisema haoni. Akina mama wengi hulalamikia maumivu ya shingo, mabega na kichwa ambayo huzidi jioni. Asiyeona vizuri huinamia kazi yake, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Kichwa kikiinama kwa saa mbili, misuli ya shingo hulazimika kuubeba uzito huo kama mtu aliyebeba mtungi kwa mkono ulionyooshwa. Dawa za maumivu hutuliza kwa muda tu. Akipata miwani akainua kichwa, mara nyingi maumivu hupungua.

Jambo jingine ni ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole hivyo hupita katika njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, na ukibanwa huleta ganzi hiyo. Huwapata zaidi akina mama, hasa waja wazito na wenye kisukari. Pumzisha mkono, na ganzi isipoisha mwone daktari kabla vidole havijapoteza nguvu.

Mwanga na rangi

Macho ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika macho ya kijana wa miaka 20. Mboni huwa ndogo na lenzi hugeuka kuwa ya manjano. Hii ndiyo sababu bibi hutafuta mlango au dirisha huku mjukuu wake akishona vizuri kwa taa hafifu. Umanjano huo pia hufanya rangi ya buluu iliyokolea ifanane na nyeusi au kijani kibichi. Ni vyema basi kuchagua shanga mchana, ukizimimina katika sahani nyeupe.

Kazi ngumu zaidi kwa macho ni ile ambayo uzi na kitambaa ni vya rangi moja. Kofia za mkono za Lamu na Zanzibar, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ni mfano mzuri. Nchini Norwei kuna darizi inayoitwa Hardanger, kwa jina la eneo ilikotoka, ambayo kwa kawaida hushonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Mshonaji huhesabu nyuzi za kitambaa, na nyingine huzikata ili kuacha matundu yenye urembo. Kitambaa chake huwa na jozi 22 za nyuzi katika kila inchi, na ukikosea kuhesabu utakata uzi usiopasa kukatwa. Kwa kazi ya namna hii, tandaza kitambaa cheusi mapajani ili matundu yaonekane, na anza na kipande kidogo unachoweza kukimaliza bila kuchoka.

Kuchagua miwani

Nguvu ya miwani hupimwa kwa dayopta. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 100 kwa umbali, kwa sentimita, kati ya jicho na kazi yako. Anayeshika kazi yake sentimita 40 kutoka machoni huhitaji nguvu ya 2.50, na wa sentimita 33 huhitaji 3.00. Mtu wa miaka 45 bado ana nguvu kiasi ndani ya jicho lake, kwa hiyo aghalabu miwani ya +1.00 hadi +1.50 humtosha. Anayekaribia miaka 60 huhitaji takriban +2.50. Hesabu hii ni ya mtu ambaye macho yake huona mbali vizuri.

Usidhani kwamba miwani yenye nguvu zaidi ni bora zaidi. Ikizidi, itakulazimu kuisogeza kazi karibu na pua, na shingo itainama tena. Nenda kupimwa ukiwa umebeba kitambaa chako au shanga zako, umwonyeshe mpimaji jinsi unavyozishika.

Miwani inayouzwa kando ya barabara haitayaharibu macho yako. Hatari yake ni nyingine: humfanya mtu aamini kwamba amekwisha kutibiwa, na hali hakuna aliyetazama ndani ya jicho.

Magonjwa yanayojificha

Presha ya macho, yaani glakoma, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia pembeni na kuelekea katikati. Mtu huendelea kutunga uzi na kusoma huku akigongana na milango. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini glakoma mara nyingi ni mvua isiyo na mawingu, kwani aina iliyo ya kawaida haina maumivu. Watu wenye asili ya Kiafrika na wale ambao mzazi au ndugu yao anayo wamo katika hatari kubwa zaidi. Kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini dawa huokoa kilichobaki.

Ugonjwa wa pili ni kisukari. Sukari inapopanda na kushuka, macho huona vizuri leo na vibaya kesho. Baada ya miaka, mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho huharibika. Kila mwenye kisukari apimwe macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.

Tatu ni mtoto wa jicho, ambapo lenzi hupata ukungu. Jihadhari na jambo moja linalowafurahisha wazee: mtu wa miaka 65 hugundua kwamba anaweza tena kutunga uzi bila miwani, akasema macho ya ujana yamerudi. Mara nyingi huo ni mwanzo wa mtoto wa jicho, na baada ya muda ukungu huongezeka. Tiba yake ni upasuaji, na wengi huona vizuri tena.

Nne ni trakoma, ambayo watu wengi huiita vikope. Kwa miaka mingi Kajiado imehesabiwa miongoni mwa maeneo ya wafugaji nchini Kenya yenye ugonjwa huu. Huenezwa kwa mikono, nzi na leso zinazotumiwa kupangusa nyuso za watoto, na kwa kuwa akina mama ndio walezi, huwaathiri zaidi kuliko wanaume. Baada ya kuugua mara nyingi, ukope hupinda kuelekea ndani na nywele zake hukwaruza jicho. Mama anayetunga shanga akihisi mchanga machoni huenda akalaumu shanga, au vumbi la Kitengela, kumbe ni nywele. Asizing'oe kila wiki na kunyamaza, wala asitie dawa za miti shamba. Upasuaji mdogo wa ukope huondoa adha hiyo kabla jicho halijapata kovu.

Mambo ya kufanya

Jipime nyumbani. Ziba jicho moja kwa kiganja, tazama mbali, kisha tazama kazi yako. Rudia kwa jicho la pili. Wengi hushtuka kugundua kwamba jicho moja limekuwa likifanya kazi ya mawili.

Kaa ili mwanga utokee nyuma ya bega la kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia. Weka mto mapajani uinue kazi, na egemeza mgongo. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame mbali na upepese kope mara kadhaa, maana anayekazia macho husahau kupepesa na jicho hukauka. Unapokata waya wa shanga, elekeza ncha chini, kwani kipande kinachoruka kinaweza kulitoboa jicho.

Ukifika miaka 40, pimwa macho hata kama huna tatizo, na ukawaambie ikiwa jamaa yako ana glakoma au kisukari. Anzia hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, Kitengela au mjini Kajiado. Wanaohitaji uchunguzi zaidi wanaweza kuelekezwa kwenye hospitali za macho kama ile ya Kikuyu.

Usingoje hata siku moja iwapo jicho linauma na kuwa jekundu, iwapo umepoteza kuona ghafla, au ukiona vimulimuli na kitu kama pazia likishuka mbele yako. Hayo si mambo ya umri.

Kwa wengine wote habari ni njema. Kitambaa kilichofungiwa sandukuni kinaweza kutolewa, na shanga zilizogawiwa majirani zinaweza kununuliwa tena. Kwanza nenda ukapimwe, kisha utunge uzi wako mwenyewe.