Runinga au projekta? Usilipe kabla ya kuiona ikiwaka

ILIKUWA Juni 14, 2018, saa 11 jioni. Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa inaanza mjini Moscow, kati ya Urusi na Saudi Arabia. Hapa Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika, watu walikuwa wamejaa katika ukumbi wetu mdogo wa mabati. Walikuwa wamelipa kiingilio. Mbele yao kulikuwa na shuka jeupe, na juu ya meza kulikuwa na projekta mpya niliyoileta mimi mwenyewe kutoka ng'ambo ya mpaka.

Urusi ilishinda mabao 5-0. Sisi hatukuona vizuri hata bao moja. Jua lilikuwa bado halijazama, mwanga ulipenya kwenye matundu ya mabati na chini ya mlango, na kwenye shuka kulikuwa na rangi zilizopauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele aliniuliza, "Mwalimu, hawa ni wachezaji au ni vivuli vyao?" Kabla ya mapumziko watu walianza kudai fedha zao, na tuliwarudishia.

Ndugu msomaji, fedha zilizonunua projekta ile hazikuwa zangu. Zilikuwa za chama chetu cha wazazi 24, karibu wote waliorejea kutoka Tanzania. Kila mmoja alichanga kutokana na mauzo ya mawese ya msimu mzima. Tulikusudia kiingilio cha mechi jioni kitulipie madaftari na sare za watoto, na asubuhi chombo hicho hicho kiwaonyeshe wanafunzi picha za masomo. Walinituma mimi kwa sababu nilizaliwa Mishamo, nikasoma Tanzania hadi kidato cha nne, na Kiingereza cha kwenye sanduku nakisoma. Ndiyo maana aibu ilinielemea zaidi. Nilikisoma Kiingereza kile, lakini sikukielewa.

Naandika makala haya kwa ajili ya wanaovuka Manyovu na Mugina kila wiki wakitafuta bidhaa, na kwa yeyote anayetaka kufungua kibanda cha mpira au kununua runinga ya nyumbani kwa fedha kidogo. Maswali yanazidi kuwa mengi tangu Kenya, Tanzania na Uganda zilipopewa kwa pamoja, mwaka 2023, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni vema mtu ajifunze kwa kosa langu kuliko kwa kosa lake.

Sanduku lilisema nini?

Kwenye sanduku la projekta ile kulikuwa na namba kubwa, 1080. Niliamini nimenunua picha ya ubora wa juu kabisa. Kumbe namba hiyo ilikuwa na neno dogo pembeni yake, "supported", yaani kifaa kinakubali kupokea picha ya aina hiyo. Hakikusema kwamba kinaweza kuionyesha. Ubora halisi wa kifaa huandikwa kwa neno jingine, "native", na neno hilo nililikuta baadaye ndani ya kijitabu cha maelezo, kwa herufi ndogo. Ubora wake halisi ulikuwa 800 kwa 480.

Maana yake ni hii. Picha ya runinga hufanywa na nukta ndogo ndogo. Picha inayoitwa HD ina angalau nukta 1280 kwa upana na 720 kwa urefu. Runinga nyingi ndogo za inchi 32 zina 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080, jumla yake ni zaidi ya milioni 2. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Projekta yangu ilikuwa na nukta 384,000 tu, haikufika hata moja ya tano ya Full HD. Ilipokea picha nzuri, ikaibana, ikatuonyesha kilichobaki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sanduku lile lilikuwa linajitembeza.

Kwa nini mchana uliishinda?

Lakini hata kama ubora wake ungekuwa wa kweli, jioni ile tungeshindwa. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Inarusha mwanga tu, na mahali panapotakiwa kuwa peusi inaacha ukuta ulivyo. Ukuta ukiwa na mwanga wa jua, weusi wote wa picha unakuwa na rangi ya ukuta huo. Ndiyo maana picha hupauka. Runinga inatoa mwanga wake kutoka ndani ya kioo cheusi, kwa hiyo inavumilia mchana.

Aidha, mwanga wa projekta ni kama chai ya birika moja, ukiongeza vikombe kila mmoja anapata kidogo. Picha ya inchi 100 ina eneo mara 4 ya picha ya inchi 50, kwa hiyo mwanga ule ule unagawanywa mara 4. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni. Kwenye projekta za bei ya chini namba za lumeni zinazoandikwa juu ya sanduku mara nyingi zimetiwa chumvi. Tafuta zenye neno ANSI, ambalo ni jina la kipimo kinachofuata utaratibu. Kama neno hilo halipo, usiiamini namba.

Tulikaribia kukosea tena

Baada ya aibu ile, wajumbe waligawanyika. Wengine walinong'ona kwamba mwalimu amekula fedha. Kilichoniokoa ni risiti na daftari langu, ambamo kila senti ya safari iliandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na heshima nayo ni mali.

Tulichanga upya, safari hii kwa shida. Mama mmoja mjane alileta sehemu yake kwa awamu 4. Mfanyabiashara mmoja alitushauri tununue projekta kubwa ya ofisini iliyotumika, yenye taa ya nguvu. Ushauri haukuwa mbaya, kwa kuwa projekta za aina hiyo nyingi zina mwanga wa kweli. Hata hivyo, tulikaa chini kwanza tukapiga hesabu ya umeme.

Ukumbi wetu una betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1,200, lakini betri za kawaida za asidi zikimalizwa hadi chini hufa mapema, kwa hiyo tunatumia nusu tu, yaani 600. Projekta ya taa inakula wati 200 hadi 300. Ukichukua 280, ukaongeza king'amuzi wati 15, na inveta nayo ikala sehemu yake, betri haitafika saa 2. Mechi moja pamoja na mapumziko inachukua karibu saa 1 na dakika 50. Zikija dakika 30 za nyongeza, watu watabaki gizani wakati wa penalti. Runinga ya inchi 43 inayokula wati 80, pamoja na king'amuzi hicho hicho, inakwenda zaidi ya saa 5.

Kuna pia suala la taa. Taa ya projekta ya aina hiyo kwa kawaida huishi saa 3,000 hadi 5,000, na inapoungua unanunua nyingine, ikiwa inapatikana. Ukitaka projekta iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe na akufungulie ukurasa wa ndani unaoonyesha saa ambazo taa imefanya kazi. Angalia pia kama kuna vidoa vyeupe visivyohama kwenye picha. Runinga ya LED haina taa ya kubadilisha mara kwa mara, na ikitunzwa inafanya kazi miaka mingi.

Tuliamua kununua runinga ya Full HD ya inchi 43. Hatukuchukua 4K, kwa sababu matangazo tunayopokea hayafiki ubora huo, na kwa mtu aliye umbali wa mita 3 au 4 tofauti haionekani. Hatukulipia pia runinga yenye intaneti ndani, maana mtandao wa kuitosheleza hatuna.

Pima ukumbi, usipime tamaa

Ukubwa uchaguliwe kwa umbali wa benchi la mwisho. Kanuni nyepesi ni kwamba mtazamaji wa mwisho asiwe mbali zaidi ya mara 8 ya urefu wa picha kutoka juu hadi chini. Runinga ya inchi 43 ina picha yenye urefu wa sentimita 53, kwa hiyo inafaa hadi mita 4 na kidogo. Hayo ni mabenchi 5 yaliyobanana, watu 25. Inchi 55 inafika kama mita 5 na nusu. Kwa kusoma maandishi darasani, punguza iwe mara 6. Kama una watu 100, ukumbi wenye giza na umeme wa uhakika, hapo projekta ndiyo jibu. Kama huna vitu hivyo vitatu, chukua runinga.

Unapofika dukani, fanya haya kabla ya kutoa fedha. Nenda na flashi yako yenye kipande cha mpira na ukurasa wa maandishi. Runinga iwashwe angalau nusu saa mbele ya macho yako. Angalia kioo kikiwa cheusi chote, kisha cheupe chote, utafute mistari na madoa. Jaribu kila tundu la HDMI. Geuza runinga usome kibandiko cha mgongoni, ambacho kina wati na volti zake. Kama unataka kupokea matangazo ya antena bila king'amuzi, hakikisha imeandikwa T2. Uliza dhamana inatolewa wapi, maana dhamana ya duka la Kigoma inakutaka urudi Kigoma.

Njiani runinga isafiri ikiwa imesimama, isilazwe wala kuwekewa mzigo juu. Kioo kikipasuka, bei ya kingine inakaribia bei ya runinga nzima.

Mpakani pia pana la kusema. Wafanyabiashara wengi wadogo wanadhani cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinafaa kwa kila bidhaa. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Runinga iliyotengenezwa China haiwi ya Tanzania kwa kuwa imenunuliwa Kigoma. Hesabu ushuru kabla ya kuondoka nyumbani, na dai risiti. Vilevile, kifurushi cha king'amuzi cha nyumbani si kibali cha kuonyesha kwa kiingilio. Uliza cha biashara.

Runinga yetu bado inafanya kazi. Asubuhi wanafunzi wa darasa la sita huona picha za moyo na mapafu, jioni baba zao huona mpira. Madaftari ya mwaka wa kwanza yalichelewa, ya mwaka wa pili yalitoka kwa wakati. Mama yule aliyelipa kwa awamu 4 ndiye sasa anayekaa mlangoni na kupokea kiingilio, na daftari la mapato liko mkononi mwake.

Projekta ya kwanza sijaitupa. Iko kabatini shuleni pamoja na sanduku lake. Kila mwaka naitoa katika somo la Kiingereza, nawaonyesha wanafunzi neno kubwa na neno dogo, kisha nawauliza ni lipi kati ya hayo mawili wangelilipia.