Mtoto Hujifunza kwa Kutazama

Mtoto wa darasa la awali hujifunza kwa macho kabla ya kuelewa maelezo. Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kama kwingineko nchini, mwalimu wa hesabu huweza kutumia vizibo vya soda: anavisogeza kimoja kimoja huku akitaja namba. Watoto hutazama, kisha hurudia kwa vizibo vyao.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefanya jaribio maarufu la mwanasesere nchini Marekani mwaka 1961, alieleza kuwa kuiga kunahitaji mambo 4: kuzingatia, kukumbuka, kuweza kutenda na kuwa na hamu. Aketiye nyuma asione ubao hukwama kwenye lile la kwanza.

Wenzake darasani nao humfundisha mtoto. Mtoto aliyezoea Kisagara au Kimaasai nyumbani huokota Kiswahili cha darasani kwa kuwasikiliza; wakisimama kumwamkia mwalimu “Shikamoo”, naye husimama.

Hata hivyo, kuiga hakuchagui jema na baya. Mwalimu anayefoka hufundisha kufoka. Anayekubali kosa lake ubaoni na kulifuta hufundisha kujisahihisha.