Kidonda Kisichopona: Ngozi na Jua la Shinyanga na Geita

Shinyanga iko karibu nyuzi nne kusini mwa Ikweta, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Mwenye ngozi nyeusi hulalamikia joto. Mwenye ualbino hudhurika zaidi, kwa kuwa hana, au anayo kidogo mno, melanini, ile rangi inayofyonza mionzi ya urujuanimno kabla haijaharibu seli.

Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Madhara ya jua huanza kuonekana kwao utotoni, na saratani huweza kujitokeza wakiwa bado vijana wa miaka ya ishirini au thelathini. Baada ya mashambulizi ya kikatili yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa kuishi katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Ulinzi wa langoni ulikuwa wa lazima, lakini haukingi jua la uwanjani.

Kinga ya kwanza ni kivuli na mavazi. Inyanyue nguo kuelekea kwenye mwanga: ikipenyeza mwanga, hupenyeza na mionzi, hivyo kanga iliyochakaa haitoshi. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote; kapelo huacha masikio na shingo wazi. Kazi ya shamba la pamba ifanywe alfajiri na jioni, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri mtu akae kivulini. Machimboni, wanaoponda mawe watundike turubai juu ya vichwa vyao. Shuleni, mwalimu amruhusu mtoto kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo.

Losheni ya kukinga jua, yenye namba 30 au zaidi, hupakwa sehemu zilizobaki wazi na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Ipo inayotengenezwa KCMC, Moshi, mahususi kwa wenye ualbino, iitwayo Kilisun. Lakini losheni si ruhusa ya kushinda juani, na naona tumeisifu mno kuliko kofia, ambayo haiishi chupani.

Wenye ngozi nyeusi nao hupata saratani ya ngozi, ingawa kwao jua si chanzo kikuu. Huanzia kwenye kovu la zamani la moto, kidonda sugu cha mguu, au doa jeusi linalokua kwenye wayo. Geita kuna jambo jingine: baadhi ya visima vimepimwa na kukutwa na aseniki inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Sumu hii, ikinywewa kwa miaka mingi, huotesha vinundu vigumu viganjani na nyayoni, na huweza kuleta saratani. Kuchemsha maji hakuiondoi, kisima kipimwe.

Nina ombi kwa wenzangu wa zahanati. Mgonjwa mwenye ualbino akija kwa malaria, au akimleta mtoto kwa chanjo, mwombe avue kofia. Tazama masikio, kisogo, mdomo wa chini na migongo ya mikono. Magamba makavu yanayokwaruza vidole ni hatua ya awali, na huweza kuondolewa kwa kugandishwa. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki 4 kisiandikiwe antibayotiki nyingine. Mpe rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza, kikatwe kipande na kupimwa. Kikiwa kidogo, mara nyingi huondolewa kwa ganzi na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kikicheleweshwa, hufika kwenye tezi za shingo na mfupa, na upasuaji pekee hautoshi tena.

Nauli ya kutoka Kahama au Katoro ndiyo inayowakwamisha wengi. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya ngozi, kisha uiandike kwenye barua ya rufaa, ili mgonjwa asisafiri bure.