BitTorrent haina mwenyewe, basi nani huibadilisha?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa mjini, nikimsubiri amalize kuitia Linux kompyuta moja kongwe ya madrasa. Faili alilokuwa akilipakua lilikuwa kubwa, zaidi ya GB 3. Nilipochungulia kwenye skrini nikaona halitoki mahali pamoja. Kipande kimoja kilitoka Ujerumani, chengine Brazil, chengine kwa mtu aliye hapa hapa Kenya. Nikamuuliza, "Sasa hawa wenyewe wako wapi?" Akacheka. "Ustadh, hii haina mwenyewe. Ni watu tu."

Jibu lile nilirudi nalo nyumbani. Sote twakijua kitu kisicho na mwenyewe: kisima cha mtaa kikibomoka, kila mtu humtazama mwenzake. Je, teknolojia inayotumiwa na mamilioni ya watu ikipata ufa, nani huziba?

Tuanze na kazi yake. Kwa kawaida ukipakua faili, kompyuta yako huliomba kutoka kwa seva moja. Waombaji wakijaa, seva huelemewa, kama duka moja la mkate saa ya kufuturu. Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa programu ya BitTorrent yenye fikra tofauti. Faili hukatwa vipande, na kila aliyepata kipande huanza kuwagawia wengine. Kwa hivyo wapokeaji wakiongezeka, wagawaji nao huongezeka. Asiyetoa huchelewa kupewa. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Debian na Ubuntu, mifumo ya Linux inayojulikana sana, hugawa mafaili yao kwa njia hii pia.

Najua wako wanaoitumia kuchukua filamu na muziki wa watu bila ruhusa. Hiyo ni dhulma, iwe kwa BitTorrent au kwa flashi. Lakini mwizi kupita barabarani hakuifanyi barabara kuwa ya wezi.

Kompyuta hizi hazijuani. Kinachoziunganisha ni itifaki, yaani makubaliano ya mazungumzo: nani aanze kusalimu, aseme nini, ajibiwe vipi. Programu zenyewe ni nyingi na zimeandikwa na watu tofauti, lakini zasema lugha moja. Na hapo ndipo penye ugumu. WhatsApp ikitaka kubadilika, kampuni hutoa toleo jipya, na simu iliyozeeka huachwa nje. BitTorrent haina wa kutoa amri kama hiyo. Ukibadilisha salamu katika programu yako peke yako, hakuna atakayekujibu.

Bahati ni kuwa Cohen aliacha nafasi. Kompyuta mbili zikikutana, kila moja hutuma salamu, na ndani ya salamu hiyo mna baiti 8 zilizoachwa tupu, sifuri zote. Programu iliyojifunza jambo jipya hugeuza biti moja pale iwe 1, kana kwamba yasema: mimi nalijua hili, wewe je? Mwenzake akilijua, watalitumia. Asipolijua, haudhiki wala hakati mazungumzo. Wataendelea kwa njia ya zamani.

Mapendekezo ya mabadiliko huandikwa hadharani na kupewa namba, kila mtu ayasome. Lakini namba haimlazimishi mtu. Pendekezo huwa desturi pale tu waandishi wa programu mbalimbali wanapolikubali na kulitia katika kazi zao.

Mwaka 2005 ulionyesha hasara ya kila mtu kushika njia yake. Mwanzoni, ili upate wenzako wenye faili unalolitaka, ilibidi uulize seva maalumu inayoweka orodha ya washiriki. Seva hiyo ikizimwa, watu walipotezana. Programu ya Azureus ikaja na njia ya kompyuta kuulizana zenyewe kwa zenyewe. Muda mfupi baadaye programu asili ya BitTorrent ikaleta njia yake ya kazi hiyo hiyo. Zote mbili zilifaa, ila hazikuelewana. Watu waliotafuta faili moja wakawa katika mitaa miwili isiyo na njia baina yake, mpaka Azureus ilipopata nyongeza ya kuisema lugha ya upande wa pili.

Mtihani mkubwa zaidi ulihusu uaminifu. Utapokeaje kipande cha faili kutoka kwa mtu usiyemjua? Kila kipande hufanyiwa hesabu inayotoa alama fupi, mfano wa alama ya kidole. Kikifika, kompyuta yako hukipima. Alama isipolingana na ile iliyoandikwa, hukitupa. Amana yote imesimama hapo. Hesabu iliyotumika tangu mwanzo yaitwa SHA-1.

Februari 2017, watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1. Haikumaanisha kuwa mtu aweza kughushi faili lolote alipendalo. Ilimaanisha kuwa mwenye uwezo mkubwa wa kompyuta aweza kutengeneza pacha wawili, mmoja safi na mmoja mbovu, akaonyesha wa kwanza na kugawa wa pili.

Dawa ilikuwa toleo la pili la itifaki, linalotumia hesabu yenye nguvu zaidi, SHA-256. Lakini alama mpya ina baiti 32, na salamu ya zamani ina nafasi ya baiti 20 tu. Hawakuibomoa salamu. Hapo huweka baiti 20 za mwanzo za alama, kisha ukaguzi kamili wa vipande hufanywa kwa alama nzima. Pia waliweka mafaili ya torrent ya mseto, yenye alama za aina zote mbili, ili mwenye programu mpya na mwenye programu ya zamani waweze kuchangia faili lile lile. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Upole huu una gharama. Maktaba ya libtorrent, inayotegemewa na programu nyingi, ililipokea toleo la pili mwaka 2020. Programu ya Transmission ilitangaza kulipokea mwaka 2023, miaka sita baada ya ufa kuonekana. Na anayetumia programu ya zamani katika kundi la mseto bado hukagua kwa SHA-1. Hakuna wa kumlazimisha ahame.

Fundi wangu hakukosea sana, ingawa kampuni ilikuwapo. Ile iliyoanzishwa na Cohen ilinunuliwa na Tron mwaka 2018. Lakini itifaki ilikuwa wazi, na programu huria kama qBittorrent na Transmission hazikuhitaji ruhusa ya mnunuzi kuendelea. Kilichouzwa ni kampuni. Lugha ilibaki kwa wasemaji wake.

Kwa hivyo jibu la swali langu ni hili: ufa huzibwa na wale wanaokubali kufanya kazi, na huzibika kwa kasi ya wale wanaokubali kuhama. Sehemu hiyo ya pili yatuhusu sisi watumiaji. Ukitumia programu ya aina hii, iweke katika toleo jipya. Chukua torrent kutoka tovuti ya wenye faili, si kwa mpita njia, kwani alama hulinda kile kilichoandikwa, haimtakasi aliyekiandika. Na ukimaliza kupakua, kama bando lakuruhusu, usiizime mara moja. Yuko mwengine anayesubiri kipande ulicho nacho.